Adui Aliyevaa Kofia ya Baba

Juzi fundi alikuja kunitengenezea cherehani. Alipoifungua tumbo na kudondosha mafuta kwenye vyuma vyake, harufu ikanipanda puani, nikaacha katikati neno nililokuwa nasema. "Vipi mama, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, endelea na kazi. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nashtushwa na mafuta ya cherehani! Ndiyo harufu ile ile aliyokuwa anarudi nayo mama yangu jioni, kwenye viganja na kwenye shavu la kulia, msimu ule alipofundishwa kupiga bunduki.

Wajukuu zangu nikiwaambia hivi wanacheka. "Bibi, mama yako na bunduki? Acha hizo." Ila wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Ule ulikuwa wakati wa mgambo, na mgambo hawakuwa wanaume peke yao. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mmoja. Kwetu mtu huyo hakuweza kuwa baba, kwa sababu baba alikuwa na kifua. Alikitoa Tanga, kwenye vumbi la mkonge, na huko huko alitoa kofia ya pama ya rangi ya majivu, pana, ambayo hakuna mwanaume mwingine aliyekuwa na kama hiyo kijiji kizima. Akikohoa usiku, ukuta mzima unasikia. Basi akaandikwa mama.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, chini ya msitu wa Mgori, nyumba zimepangwa mistari utadhani mahindi. Baba hakuhama kwa hiari. Tembe lake la zamani lilikuwa mbali, mwendo wa asubuhi hadi jua la utosi, na walipokuja watu wa kuhamisha aliwaambia haendi popote. Walibomoa paa, wakatia moto, na mmoja wao akamwekea mtutu wa bunduki kifuani mpaka alipopanda lori. Mimi nilikuwa mdogo, sikuliona hilo, nilikuwa mgongoni kwa bibi. Nililisikia likisimuliwa kwa sauti ya chini, na nilijua tu kwamba baba hapendi kuongea habari za watu wenye bunduki.

Nyumbani tulisema Kinyaturu. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha mikutano, na mimi, niliyekuwa darasa la pili, nilikichukua neno kwa neno kama kilivyotoka kinywani mwa mtu. Mwalimu alitufundisha kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Tulisimama tukaimba majina yao kila asubuhi. Hakuna aliyetuambia kuwa maadui hao hawana miguu. Mimi nilijua adui ni mtu. Nilidhani wako watatu, wanatembea pamoja, na siku moja watafika kwetu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyojipanga. Jioni kulikuwa na kisomo cha watu wazima. Baba alikwenda siku moja tu. Walimpa penseli, akaikandamiza mpaka ikakatika, watu wakacheka, akavaa kofia yake akatoka. Kwenye mkutano uliofuata, mwenyekiti wa kijiji akasimama akasema, "Wapo watu hapa wanamfuga adui ujinga majumbani mwao!" Vichwa vyote vikageukia kwa baba. Mama wee! Nilijibana nyuma ya mama nikawaza: kumbe adui mmoja ameshafika, na yuko kwetu.

Mwalimu wa mgambo alikuwa koplo kutoka pwani, kijana mwembamba mwenye Kiswahili kitamu. Akina mama walimwita Afande na kumwogopa siku mbili tu; siku ya tatu wakaanza kumtania. Alichagua mahali pa kupigia shabaha yeye mwenyewe, akapaita renji. Kwetu Singida mawe yamejaa kila upande, makubwa kama nyumba, na wanaume walimwambia aweke mbao mbele ya mwamba mmoja. Akakataa. "Risasi ikigonga jiwe inarudi kumtafuta aliyeituma," alisema. Akachagua kichuguu kikubwa kilichozidi urefu wa watu wawili, akasema udongo ule utameza kila kitu.

Sisi watoto tulikaa mbali, nyuma ya kamba ya katani aliyoifunga kwenye miti, tukatazama mama zetu wakifundishwa. Mwanzo walitumia fimbo, maana bunduki zilikuwa mbili tu kijiji kizima.

"Mama Eliza, lala kifudifudi," Afande alisema. Eliza ni mimi.

"Nilale vipi mbele ya wanaume, Afande?"

"Adui akija atakukuta umesimama umejipamba?"

Wakacheka, kisha wakapata dawa: kila mmoja alifunga pindo la khanga kwenye vifundo vya miguu kwa kamba, wakalala wamejipanga. Akawafundisha kuweka kitako cha bunduki begani, shavu juu yake, kuvuta pumzi, kuitoa nusu na kuizuia. Tatizo likawa jicho. Mama hakuweza kufumba jicho moja. Akijaribu, yanafumba yote mawili, na mdomo nao unakunjamana. "Ukifumba yote utaniua mimi," Afande alimwambia, akamfunga kitambaa jicho la kushoto.

Halafu akamfundisha kidole. "Usivute kama unavuta kamba ya ndama. Bana taratibu, hata wewe mwenyewe usijue itatoka lini."

Mama akasema, "Kumbe ni kama kukamua ng'ombe mwenye kidonda kwenye chuchu."

"Ehee! Sawasawa! Wote mmesikia?"

Tangu hapo mama akawa ndiye mwanafunzi wake. Na kwa nini asiwe? Tangu utoto alikaa kwenye kichanja shambani na kombeo mkononi, akifukuza ndege kwenye mtama. Jiwe lake lilikuwa linamfuata ndege angani. Nilijivuna hasa. Niliwaambia wenzangu huyo ni mama yangu, kama vile hawamjui.

Nyumbani alijifunza kwa mchi wa kutwangia. Alilala kwenye ngozi ya ng'ombe, kitambaa jichoni, mchi begani, akilenga mlangoni, pale baba alipotundika kofia yake kwenye kigingi. Siku moja baba akaingia, akakuta mchi unamtazama.

"He! Leo unaniua?"

"Silengi wewe. Nalenga kofia."

"Na kichwa kikiwemo?"

"Kikiwemo, shauri yake."

Walicheka wote wawili, baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika na mama akaacha mchi kwenda kumsugua mgongo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo kichwani.

Siku mbili kabla ya kupiga risasi za kweli, mwalimu wetu wa shule alileta mbao za shabaha. Afande aliomba mbao tupu zenye duara jeusi, lakini mwalimu alikuwa mtu wa bidii, akaona hiyo haitoshi. Alichora watu watatu kwa mkaa, warefu kama watu kweli, na juu ya kila mmoja akaandika jina. Nilikuwa nimejua kusoma silabi mwezi ule, na nilisoma kila kitu nilichokiona, hata maandishi ya magunia. Nikasogea mpaka kwenye kamba nikaanza. U-ma-ski-ni. Ma-ra-dhi. U-ji-nga.

Na huyo wa tatu, Ujinga, alikuwa amevaa kofia ya pama.

Jamani! Siku hizi najua mwalimu alitaka kuchora mkoloni. Ila mimi mkoloni sijawahi kumwona hata mmoja. Kofia ile niliijua kichwani kwa mtu mmoja tu duniani. Na si mimi peke yangu niliyeona. Mama mmoja jirani alipiga kofi mapajani.

"Ala! Mama Eliza, si mzee wako huyu!"

Renji nzima ikavunjika kwa vicheko. Mama naye, jinsi alivyokuwa mtu wa utani, akashika kiuno akajibu, "Basi huyo niachieni mimi. Nitampata vizuri kuliko ninyi."

Afande akapiga filimbi kuwatuliza. Akanyoosha kidole. "Yule pale ni nani?"

"Adui Ujinga!" wakaitikia.

"Tumfanyeje?"

"Tumpige!"

Niliisikia sauti ya mama humo ndani, nyembamba, inazidi zote. Afande akasema kesho kutwa asubuhi, bendera nyekundu ikipanda, mtu asionekane upande wa kichuguu, ni risasi za moto.

Sikungoja zaidi. Nilikimbia mpaka nyumbani bila kuvuta pumzi. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mzinga wa nyuki, kofia kichwani. Nikamwambia kwa Kinyaturu, huku nalia, "Baba, wamekuchora."

"Nani?"

"Mwalimu. Kwenye ubao. Kesho kutwa watakupiga risasi. Kwa sababu hujaenda kisomo."

Nilitaka anicheke. Naapa, nilikuwa namwambia ili anicheke, anipige kikofi kichwani aseme mtoto huyu ana akili gani. Hata ningechapwa ningefurahi. Lakini baba aliweka tezo chini.

"Wamechora na kofia?"

"Na kofia."

"Wameandika jina?"

"Wameandika Ujinga. Na mama amesema aachiwe yeye."

Alinitazama. Halafu niliona kitu ambacho sijakisahau na sitakisahau: midomo ya baba yangu ilianza kutetemeka. Baba aliyeniulia nyoka miguuni kwa kisigino. Aliniamini! Mimi mwenyewe, mpaka aliponiuliza swali la mwisho, nilikuwa nimeamini nusu tu. Nilipoona yeye ameamini, ndipo hofu iliponimaliza kabisa.

Aliingia ndani akachukua blanketi, kisu na kibuyu cha maji. Alipotoka akachuchumaa mbele yangu. "Nakwenda kwetu, kule kwenye mahame. Ukiulizwa, hujui. Umesikia, mwanangu? Hata mama yako." Akaondoka akipita nyuma ya nyumba za watu, ameshika kofia mkononi, hakuivaa.

Mama aliporudi nikamwambia baba ameenda msituni kwenye mizinga yake. Hakushangaa, ilikuwa kawaida ya baba kulala huko hata siku mbili.

Asubuhi ya risasi niliziba masikio na bado nikazisikia. Kila mlio ukitoka, milima ya mawe ilikuwa inaujibu, na mimi nikawa namhesabia baba. Mama alipewa risasi tano. Tatu ziliingia kwenye ubao wa Ujinga, moja katikati ya kofia. Alirudi nyumbani anakimbia, shavu limevimba kwa kitako cha bunduki, anaita kuanzia njiani, "Baba Eliza! Baba Eliza, nimekupiga!" Alitaka amsimulie. Alizunguka nyumba nzima akimwita, kisha akakaa kizingitini peke yake na furaha yake.

Kesho yake furaha ikaisha. Mrina asali mmoja alitoka msituni akasema mizinga ya baba hajaigusa mtu. Tembo walikuwa wameshuka karibu na mashamba wiki ile, na fisi wa Mgori hawana adabu. Na kifua chake je, na baridi ile? Mama akajishika kichwa akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba, na majirani wakaanza kuja. Hapo nikashindwa.

"Yuko kwenye mahame," nikasema.

Mama aliacha kulia ghafla. "Umejuaje?"

"Aliniambia."

"Ameenda kufanya nini kule?"

Nikanyamaza. Alinitikisa mabega, nikanyamaza. Ningesema neno moja tu pale, neno dogo, habari hii yote ingeishia hapo.

Tulikwenda watatu: Afande, mama na mimi wa kuonyesha kama nilikuwa nasema kweli. Kwa ajili ya tembo, Afande alibeba bunduki moja na mama akabeba nyingine. "Wewe sasa ni askari," alimwambia. Jua lilikuwa la utosi tulipoona moshi kidogo ukitoka katikati ya kuta zilizoungua. Mama alipouona, akasahau kila kitu. Akatoka mbio. Khanga imemfunguka, machozi yanamtoka, bunduki mkononi imetangulia mbele, anaita, "Baba Eliza! Baba Eliza!"

Baba akatoka kwenye ule ambao zamani ulikuwa mlango wake. Akamwona. Akaiona bunduki. Akanyoosha mikono yote miwili juu, kisha akapiga magoti kwenye majivu ya nyumba yake.

"Nitasoma," alisema. "Mama Eliza, nitasoma. Nitakwenda kisomo kila siku. Usinipige mbele ya mtoto."

Mungu wangu. Nimezika wazazi, nimezika mtoto, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale. Mama alisimama kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Afande, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, aligeuka akatazama upande wa pili. Mama aliishusha bunduki chini polepole, akaisukuma mbali kwa mguu, akarudi nyuma hatua mbili, viganja wazi, ili baba aone hana kitu.

"Nikupige mimi?" akasema. "Mimi? Nani amekuambia nitakupiga?"

Baba akanitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeng'ata pindo la gauni langu. Nadhani alinisoma usoni, maana pale pale akaelewa. Niliona hofu ikimtoka na aibu ikiingia. Angeweza kusema. Alikuwa na haki ya kusema: ni huyu, huyu mtoto wako mwenye mdomo. Lakini nyumbani kwetu, kwa uongo wa aina ile, ningechapwa na kijiji kizima.

"Hakuna aliyeniambia," akasema baba. "Niliota."

"Uliota nakuua?"

"Niliota."

Tulirudi, baba mbele na kikohozi chake, mama nyuma kabisa, mikono mitupu. Bunduki zote mbili alibeba Afande. Mama hakwenda renji tena. Walipomfuata akasema bega linamuuma, na likaendelea kumuuma miaka yote. Baba akaenda kisomo. Alijifunza mpaka akaweza kusoma barua na kuandika majina yetu wote, na mwalimu akamtolea mfano mkutanoni. Nyumbani waliishi vizuri, hawakugombana, waliitana kwa heshima. Ila ule utani wa mchi na kofia sikuusikia tena. Na tangu wiki ile mama alihamia kulala chumba chetu sisi watoto. Tuliambiwa ni kikohozi cha baba, na sisi tukafurahi kupata mama usiku kucha.

Baba alikufa mimi nikiwa na watoto wawili. Sikuwahi kumwambia mama. Kila nilipotaka, nilijisemea jambo lenyewe la kitoto, limepita, la nini kuliamsha. Nilikuja kumwambia amezeeka, tunachambua mboga uani kwangu, na nilianza kwa kicheko, kama mtu anavyosimulia kichekesho cha zamani. Nikamweleza maadui watatu, ubao, silabi zangu, tezo, yote.

Hakucheka. Mikono ilisimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo hakuota," akasema.

"Hakuota, mama. Ni mimi nilimwambia. Alinificha nisipigwe."

"Na pale alipokutazama…"

"Aliona ni uongo wangu. Hofu ilimwisha pale pale, mama. Nilimwona."

Kuku wakaanza kudokoa mboga mbele yake na hakuwafukuza.

"Eliza, unajua kwa nini nilikuwa nalala kwenu?"

"Kikohozi."

"Kikohozi nilikizoea wewe hujazaliwa. Nilisema mtu anayeota namuua, nimlalie pembeni vipi? Nikamwachia chumba ili apate usingizi." Akajifuta uso kwa kiganja chenye udongo wa mboga. "Na alikuwa ananiita, mwanangu. Miaka yote ile, usiku, alikuwa ananiita kwa sauti ya chini, njoo. Mimi namjibu, lala baba Eliza, lala. Nikawa najua anajikaza tu, moyoni bado ananiogopa."